Mbasa wa Harusi ya Tadea

Lituhi, mwezi wa Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Litembo, mguu umepata nafuu na kahawa imepata mvua. Huku mimi, mume wangu Joakim na watoto tu wazima, ugali upo.

Ombi lako nimelipata. Unataka mbasa wakubwa wenye mayai kwa harusi ya mdogo wangu Tadea, kwa kuwa wakwe wa maana hawalishwi dagaa. Mama, sileti. Ukasirike usikasirike, sileti.

Msimu huu mbasa huacha ziwa na kupanda Mto Ruhuhu kutaga. Tangu zamani wavuvi hufunga mto kwa wigo wa matete, ila katikati huacha mlango ili wengine wapite. Mwaka huu baba mkwe, Mzee Mansuetus, ameuziba. Mabwana samaki walikuja wakaeleza kwamba samaki huyu yumo hatarini kutoweka, na akiisha katika ziwa letu hakuna pengine pa kumpata. Mzee akawajibu kwamba mbasa ni wa Mungu, hawawezi kwisha. Nikamwambia hata wa Mungu sharti wazaliwe kwanza. Akanuna, akasema mtoto wa kahawa anajua nini kuhusu samaki zaidi ya kumla.

Basi wigo ukaanza kubomoka. Kila wakiujenga, kunapambazuka mlango uko wazi. Wakasema ni kiboko. Kesho baada ya ibada kuna kikao cha kuwaomba askari wa wanyamapori wamuue, na kiboko aliyepo hapa mtoni ananyonyesha.

Mama, kiboko ni mimi. Nikienda kuchota maji alfajiri, nayang'oa yale matete kwa mikono hii uliyoizoesha jembe. Joakim hajui. Kesho nitasimama niseme mbele ya wote. Mzee amekwisha apa kwamba aliyebomoa, akiwa mtu wa nyumba yake, hatalala tena humo. Na anifukuze. Naogopa, sikufichi, lakini radhi siombi.

Nisalimie Tadea na wote hapo nyumbani. Na ukiniona nashuka kwenye bodaboda na watoto na mizigo, usiniulize nimekosa nini. Niulize kama mbasa walipita. Walipita, Mama. Niliwaona kwa macho yangu.

Mwanao akupendaye,
Emiliana