Sauti ya Mama Iliyobaki kwenye Laini ya Zamani

Bulembia, Kasese
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Loice,

Nakusalimu kwa jina la Mwokozi aliyetuamsha leo, wewe huko Malava na mimi huku chini ya mlima. Watoto hawajambo? Mguu wako uliokuwa umevimba umepungua? Na mama, anakula? Anameza uji mwenyewe au bado unamdondoshea kwa kijiko? Kila nikipiga magoti jina lake ndilo linatangulia, kabla hata ya watoto niliowazaa.

Sisi tunaendelea. Baba Edina kifua bado kinamsumbua. Vumbi la simenti la miaka yote ile haliwezi kutoka kwa chupa moja ya dawa. Lakini leo ametembea mpaka kanisani na kurudi, akipumzika mara mbili njiani, na tumemshukuru Mungu.

Sasa nikujibu lile uliloniuliza. Uliniambia kwa simu, "Dada, siku ile mama alipokupigia mliongea nini? Maana sasa amepooza na hawezi kusema, na kila nikimwekea simu yako sikioni anageuza uso ukutani." Mimi nikawa kimya, wewe ukasema mtandao umekatika. Haukukatika. Loice, siku ile mimi sikuongea na mama. Hata salamu hatukupeana.

Wewe ulipiga namba yangu, ukasikia imepokelewa, ukampa mama simu, naye akakuambia utoke nje, ukaenda kukamua. Ndivyo ulivyonisimulia. Sasa mimi siku hiyo nilikuwa Bwera sokoni na chumvi yangu. Bwera iko mpakani kabisa, simu ikifika pale inavutwa na mnara wa Kongo na salio linaisha bila wewe kusema lolote. Kwa hiyo sisi watu wa soko tunazima simu tukishuka tu kwenye gari, tunaziwasha tukirudi. Simu yangu ilikuwa imezimwa, imo kwenye mkoba chini ya gunia.

Aliyepokea ni mashine ya kampuni. Kuna sauti ya mwanamke inasema Kizungu, kwamba acha ujumbe wako, halafu inalia tii, halafu kimya. Huku kwetu hakuna anayezungumza na huyo mwanamke, ukimsikia unakata. Mama hajui Kizungu na hajui kukata. Alidhani kuna mtu amepokea, ameniita, na mimi nimeshika simu nanyamaza.

Unajua yaliyokuwa kati yangu na mama. Baba alipofariki mto ulifurika huku, ukabeba daraja na nyumba za watu, na mimi sikufika kumzika. Mama akasema mbele ya waombolezaji, "Mto gani huo wa kumzuia mtu kumzika baba yake?" Tangu siku hiyo hakutaka sauti yangu. Miaka mitatu, Loice. Na siku moja aliyonipigia kwa hiari yake, ndiyo hiyo.

Nilirudi jioni, nikawasha simu, nikaona alama ndogo ya ujumbe juu. Nikadhani ni matangazo ya kampuni, nikaiacha.

Hapo ndipo simu ya Edina ilipofika. Huyu mwanangu anafanya kazi Dubai katika nyumba ya watu, na saa anayopumzika mimi niko kazini. Basi alinitumia simu ya kugusa, akaniambia, "Mama, kwenye hii nikikuachia sauti, utaiona kwa macho. Zinajipanga kama barua, kila moja na jina la aliyeituma na saa, wewe unagusa unayotaka." Nikaipenda. Nikaipeleka kwa Baluku, fundi wa simu pale mjini, tukaweka laini yangu. Ule ukurasa ukawa mweupe. Ilikuwepo alama tu, na pembeni tarakimu ya moja.

Baluku akacheka. "Mama Edina, hii simu ni mzungu kabisa. Inangoja kampuni ya kwao ndio iongee nayo. Kampuni yako ya hapa inaweka sauti kwa mashine yake, wewe unapiga, unasikiza. Mambo ya kuona kwa kioo haijui."

"Na hiyo moja ni nini?"

"Kuna mtu amekuachia kitu. Tupige tusikie?"

Loice, nikasema kwa mdomo wangu huu, "Ni matangazo tu. Wacha."

Akaniambia kampuni nyingine ya simu ya hapa inaweza kukubali, akiweka programu fulani na kugeuza simu zisizopokelewa ziende huko. Tukanunua laini mpya. Akahangaika nayo siku mbili, mara inakubali, mara inakataa, mwishowe nikaona jina la Edina limejipanga mara tatu. Nikagusa, akaimba wimbo wa kwaya yetu. Nilifurahi kama msichana.

Laini ya zamani nilimpa Mama Kavira. Huyu ni Mkongo aliyekimbia vita vya Beni, tunakaa meza moja pale soko la Bwera, yeye na mawese, mimi na chumvi. Hakuwa na kitambulisho cha kusajili laini. Nikamwambia chukua hii, imesajiliwa kwa jina langu, wape watu wako namba. Mume wake hajulikani aliko, na alitaka namba moja isiyobadilika, ili akiwa hai ajue pa kupiga.

Basi uliponiuliza lile swali niliikumbuka ile alama ya siku ile, nikakimbia kwa Baluku. Nikamwambia, fungua ile moja. Akaniangalia.

"Ile ilibaki kwa kampuni, kwa namba ile ya kwanza. Wewe ulifikiri imo ndani ya simu?"

"Nilifikiri nimehama na vitu vyangu vyote."

"Ai! Ungehama kanisa, ungebeba na mimbari?"

Halafu akaona machozi yangu, akaacha mzaha, akaniletea kiti.

Nikampigia Mama Kavira. Laini imezimwa. Nikaenda Bwera, meza yake tupu. Wakaniambia yuko Kisinga, hospitali ya misheni, anauguza dada yake. Nikarudi mjini, nikaingia ofisi ya kampuni. Binti wa pale, mwenye adabu, akaniambia, "Mama, bila laini hatuwezi kukufungulia, na namba ya siri hukuweka. Lakini laini ni ya jina lako. Jaza hapa, tunazima ile iliyo kwa mtu, tunakupa mpya ya namba hiyohiyo."

"Na ile sauti itakuwepo?"

"Inaweza kuwepo. Siwezi kuapa."

Nakuungamia wewe kwa sababu huwezi kunitangaza. Nilishika kalamu, nikaandika jina langu na namba ya kitambulisho. Nilijua kabisa kwamba nikitia sahihi ninamkata Mama Kavira na mume wake, na bado mkono uliendelea kuandika. Nilijisemea kwamba mama yangu ni mmoja na huyu ni jirani wa meza. Nilipofika mahali pa sahihi nikaomba Mungu anisamehe, nikaichana karatasi. Yule binti alidhani nimechanganyikiwa.

Kesho yake nikapanda boda mpaka Kisinga. Nilimkuta Mama Kavira nyuma ya wodi anafua. Betri yake ilikuwa imekwisha na hakuwa na pa kuchaji. Nikamwambia yote palepale, na ile karatasi pia nikamwambia. Alikamua nguo, akaitundika, kisha akasema:

"Mama Edina, uko unalia ya bure. Ile message iko."

"Iko?"

"Iko. Siku unanipa kadi, nilisikiliza. Luga sielewe, lakini nikasikia ni mama muzee na iko anaita mutu. Mashine inauliza kwa Kizungu, mutu wa soko ananielezea: nifute ao nichunge? Nikachunga. Kiisha siku mingi inauliza tena, nachunga tena. Nilikuwa nangoja uniulize."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilizania unajua! Mutu anaweza acha sauti ya mama yake asijue?" Kisha akanipiga bega. "Na ungenikata kweli, wewe mulokole?"

"Nilikaribia."

"Bon. Mungu alikuona, na mimi sasa nimekuona. Kuya, tutafute moto ya simu."

Muuguzi mmoja akatuchajia ile simu ndogo ya tochi ya Mama Kavira. Nikaisikilizia kwenye benchi, nje ya wodi. Nakuandikia maneno ya mama kama yalivyo, maana niliyasikiliza mara nne.

"Rispa. Ni mimi. Loice ameniwekea simu. Unasikia? Mtoto wa jirani ametoka huko kwenu kazini, amenionyesha picha ya lile daraja. Kumbe kweli. Maji yalibeba mpaka mawe. Mimi nilikusema vibaya mbele za watu, na baba yako hajafukiwa. Hukustahili. Sasa nimesema. Rispa?"

Hapo kimya. Kuku anasikika, na wewe unasikika mbali ukimfokea ndama.

"Mbona hunijibu? Hata kuniita mama umekataa? Haya. Ni haki yako. Haya, mwanangu."

Kisha mashine ikakata.

Sasa unaelewa kwa nini anageuza uso. Anadhani aliniomba msamaha nami nikamnyima. Amekaa na hilo, na ulimi hauko wa kuniuliza tena. Ndiyo maana sipigi simu. Barua hii anaileta mwinjilisti wetu, anasafiri kesho alfajiri. Mimi namngoja dada wa Baba Edina aje kumwangalia, ndipo nipande basi. Lakini sijui Mungu amempangia mama siku ngapi, kwa hiyo barua itangulie.

Loice, usimsomee mambo ya ofisi na Baluku. Funga mlango, kaa upande wa sikio lake zuri, mwambie kwanza kwamba hii ni karatasi, si simu. Msomee haya tu, kwa lugha yetu, polepole:

Mama, aliyenyamaza siku ile hakuwa mimi. Ilikuwa mashine, haina kinywa cha kujibu. Sauti yako imenifikia sasa, nimeisikia yote, na nimelia mbele ya wagonjwa. Sina neno nawe. Hata siku ile ya mazishi sikuwa nalo. Nisamehe na mimi, maana niliona alama yako nikaiacha. Uliuliza kama nimekataa kukuita. Nakuita, mama. Mama. Mama yangu.

Akitaka urudie, rudia mpaka achoke kusikia.

Nisalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na shangazi anayekusaidia kumgeuza mama kitandani, Bwana amlipe. Msalimie mwalimu wa kwaya, na yule jirani ambaye mtoto wake alileta picha, mwambie ametenda jambo kubwa kuliko anavyojua. Wanao uwakumbatie mmoja mmoja. Baba Edina anawasalimu wote, na Mama Kavira amesema nimwandikie yule mama muzee wa Malava kwamba anamuombea.

Mwinjilisti atalala hapo kwenu usiku mmoja. Mpe habari arudi nayo, kama mama ameuondoa uso ukutani akakugeukia.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Rispa