Wamechimba Barabara, na Pikapu Yangu Inakaa Mezani

Bombo, Upare
28 Julai 1954

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla barabara haijafika mlangoni kwa baba mkwe wangu, maana zimebaki hatua mia mbili tu na watu wanachimba kwa nyimbo, na aliyewaponza ni mimi, ingawa sikusema uongo, au tuseme nilisema mmoja tu, nitakueleza.

Mimi ni fundi seremala, umri wangu miaka ishirini na saba, nimemchumbia Rogathe, binti wa Mzee Andrea, mshenga amekwenda na kurudi na viatu vyake vimekwisha soli, wazee wamekubaliana, na Jumamosi ya tarehe kumi na nne mwezi ujao ndiyo siku yangu ya kumpelekea baba mkwe zawadi. Sasa huyu Mzee Andrea zamani alikuwa na pikapu, ya kwanza kabisa kuonekana huku kwetu, aliinunua kwa Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge kule chini, na mlango wake wa kushoto ulipong'oka, fundi aliyenifundisha kazi alimtengenezea mwingine wa mbao ya mninga na mimi ndiye niliyeupiga randa, kwa hiyo gari lile nalijua kama ninavyojua meno yangu. Lakini halikuwahi kulala nyumbani kwake hata siku moja, kwa sababu barabara inaishia kanisani, na kutoka hapo kwenda kwake ni maili nzima ya kupanda kwa njia ya mbuzi. Kila mwaka mzee aliomba msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ambayo kijiji kizima hutoka na majembe, ili barabara ipandishwe hadi juu, na kila mwaka watu walimjibu, "Gari ni lako, Mzee Andrea, chimba mwenyewe." Mwishowe gari likachoka, injini akamuuzia mwenye mashine ya kusaga kule Maore, na mpaka leo ukienda kusaga mahindi unaisikia inavyokohoa, na bodi limebaki kando ya kanisa, kuku wanatagia ndani. Mzee akipita hapo hulipapasa madigadi, halafu anaangalia kama kuna aliyemwona. Mimi nilimwona, mshauri, na roho iliniuma.

Nikaamua kumtengenezea pikapu ile ile, ndogo, ya kuweka mezani. Nikachukua futi kamba, nikaenda kupima kila kitu, hata nikalala chini ya uvungu wake, kila futi ya gari nikaifanya inchi moja na nusu, kwa hiyo imetoka inchi ishirini na moja kamili, na naomba uniruhusu nijisifu kidogo kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia. Bodi ni bati la debe la mafuta ya taa, nimelikunja na kulichomelea kwa risasi ya kuyeyusha hadi huoni maungio, mlango wa kushoto ni mninga kweli, magurudumu nimeyakata kwenye makatambuga yangu mwenyewe na sasa natembea pekupeku, taa ni vioo vya tochi mbovu, wavu wa mbele ni kichujio cha chai cha mama, ambaye bado anakitafuta. Usukani ukiuzungusha, magurudumu ya mbele yanageuka. Hata pale bampa lilipopinda siku mzee alipogonga nguzo ya kengele, nami nimelipinda pale pale. Nikiitazama, mshauri, nacheka peke yangu karakanani.

Sasa sikiliza balaa. Siku ile nikiwa chini ya uvungu, Jumbe wetu, Mzee Fanueli, alipita akaniona miguu tu. Akaniuliza, "Fundi, unafanya nini huko?" Nikasema, "Shikamoo Jumbe. Napima tu." Akasema, "Unapima hadi chini?" Nikasema, "Ndiyo, Jumbe, nataka vitu vilingane." Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa akaenda zake. Wiki iliyofuata nikapokea kisanduku kutoka Tanga, kimekuja kwa treni hadi Same, ndani mna rangi ya kijani, risasi na skrubu ndogo ndogo, nami nilikibeba kwapani, na kufika Jumapili kanisa zima lilikuwa limeshajua kwamba fundi Manase anamfufulia baba mkwe wake pikapu na injini mpya imeshafika. Sikukanusha kwa sababu zawadi ya mkwe haisemwi kabla ya siku yake, na pia, nikiri tu, nilipenda. Watu wazima walinipisha njiani. Mwalimu wa shule aliniita Bwana Manase.

Baada ya ibada Mzee Andrea mwenyewe aliniita kando, akanishika mkono akacheka hadi machozi, akaniambia, "Mwanangu, wewe endelea na kazi yako, na usimwambie mtu lolote. Mimi naendelea na yangu." Asubuhi ya Jumatatu baragumu likalia. Msaragambo! Na safari hii walitoka wote, mshauri, hata wale waliokuwa wakimcheka, wanaume kwa majembe na mitarimbo, wanawake na makarai ya mawe kichwani. Mama Eliwaza, mjane aliyekataa miaka yote barabara isipite kwake, amefyeka migomba yake minne kwa mkono wake mwenyewe akisema, "Miguu yangu hii inavyovimba, safari nyingine Gonja hospitalini nitapelekwa kwa gari, si kwa machela." Nilisikia hayo nikatamani ardhi inimeze, na ardhi yenyewe ilikuwa inachimbwa.

Na ule uongo mmoja ni huu. Rogathe alikuwa anapandisha karai la mawe, akasimama mbele yangu, jasho linamtoka na anacheka, akaniuliza, "Manase, siku hiyo tutakaa mbele, mimi na wewe?" Nikasema ndiyo.

Nifanye nini? Nimefikiria kwenda Maore kubembeleza injini irudishwe, nimefikiria kuugua, nimefikiria kwenda Mombasa. Nikitoa pikapu ya inchi ishirini na moja mbele ya watu waliochimba maili nzima, nitachekwa mpaka wajukuu zangu wachekwe, na baba mkwe ataaibika mbele ya Jumbe. Naomba ukiichapa barua hii majina uyabadilishe. Jibu lako nalingoja kwa hamu.

Ni mimi,
Fundi Pekupeku

*

JIBU LA BIBI ERNESTA

Fundi wangu, marahaba. Jibu hili nakutumia kwa posta kwanza, ulipate mapema, na gazetini litatoka siku yako ikishapita. Majina nimeyaacha yalivyo, maana ukifuata ninayokuambia, hakuna atakayekuwa na haja ya kuyaficha.

Kwanza pole, na hongera. Nimeisoma barua yako nikiwa nakunywa chai, na nilipofika kwenye kichujio cha mama yako chai ilinitoka puani. Mrudishie mwanamke huyo kichujio, au umnunulie kingine kesho asubuhi. Mtu anayepinda bampa la bati ili lifanane na kosa la mzee anayempenda, huyo si mtu mbaya, ni mtu wa kuozwa haraka kabla hajaharibika.

Lakini mwanangu, una akili ya mikono tu? Injini gani hiyo inabebwa kwapani? Mzee Andrea ndiye aliyeiuza ile ya zamani, kila akila ugali anakula unga uliosagwa na injini yake mwenyewe, tena ni mtu aliyeendesha gari miaka mingi. Unadhani huyo naye alidanganyika? Rudia alichokuambia nje ya kanisa. Wewe endelea na kazi yako, mimi naendelea na yangu. Yangu ipi, kama si barabara? Miaka yote amewaomba wakamkatalia, safari hii uvumi wako umempa kijiji kizima na majembe mkononi, naye akakufunga mdomo akapiga baragumu. Siwezi kuapa, maana simjui, ila mimi nina baba, na wazee wa namna hiyo nawafahamu. Wewe unakosa usingizi kwa kumhurumia, na yeye pengine huko alikolala anacheka.

Kwa hiyo usiende Mombasa, na usijifanye mgonjwa. Nenda kwa mzee mchana kweupe, pamoja na mshenga wako, umweleze yote bila kona. Pikapu usiichukue siku hiyo, zawadi ingoje siku yake. Mwambie tu, "Baba, ninayotengeneza ni ya mezani," kisha mtazame usoni. Akicheka, mwombe naye awaambie watu ukweli, akisimama kando yako, kwa sababu hilo ni deni lenu wawili. Ikiwa hajui kabisa, nitakuwa nimekosea, na utakuwa umemwokoa asiaibike mbele ya watu. Vyovyote iwavyo hupotezi kitu.

Kisha nyie wawili nendeni kwa Jumbe kabla ya tarehe kumi na nne. Msimpe habari kwenye sherehe, mtu mzima hafanywi kituko mbele ya watu. Mtakasirikiwa siku moja mbili, na mna haki ya kukasirikiwa. Siku zote hizo wewe shika jembe, umalizie hizo hatua mia mbili. Katika barua yako nimeona wanaochimba wote, mwenyewe sikukuona. Seremala gani anayeacha wanawake wabebe mawe kwa ajili ya gari lake?

Barabara ni barabara, haijali iliyoizaa ni habari gani. Huko kwenu hakuna lori linalokuja kununua ndizi? Hapa Same kuna mfanyabiashara anaitwa Sefu, lori lake hufika Maore kila wiki na huko kanisani kwenu limeshafika, najua kwa sababu ndizi zenu nazila mimi. Nimemuuliza. Anasema popote penye njia ya upana wa lori yeye anapanda, ila wamwekee mawe kwenye kona. Nenda Maore ukapatane naye siku. Huyo Mama Eliwaza apande mbele, apelekwe Gonja miguu yake ikaangaliwe, na wewe umtengenezee mlango mpya au kitanda, achague mwenyewe, kwa ajili ya migomba yake. Usimuulize kama anataka. Muulize anataka kipi.

Na siku ya zawadi ikifika, toa pikapu yako bila kuinamisha kichwa. Ukianza kuomba radhi kwa udogo wake, watu wataona udogo. Wewe zungusha usukani, magurudumu yageuke, funga na fungua ule mlango wa mninga, uwaache wenyewe walione bampa. Nakuhakikishia watagombania kuishika.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili nimelibakiza kwa makusudi. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali unapoogopa kumpoteza Rogathe, nikakuta unaogopa kuchekwa. Kurasa nzima za bati na rangi na Jumbe na kanisa, na yeye umempa mistari minne. Kunyamaza nimekusamehe, zawadi ina siri yake. Lakini binti alikuuliza jambo moja, uso kwa uso, nawe ukamwambia ndiyo, ukamwacha apande kilima na mzigo kwa sababu ya ndiyo hiyo. Hilo baba yake hawezi kukusamehea, wala Jumbe, wala mimi. Atakusamehe yeye mwenyewe, au hatakusamehe.

Kwa hiyo kabla ya mzee, kabla ya Jumbe, kabla ya Sefu na lori lake, ikunje barua hii utoke. Mtafute huko kwenye barabara, asisikie kwa mtu mwingine. Usijitetee, usimweleze habari za zawadi na desturi. Akinyamaza, nyamaza naye. Akikutukana, umestahili. Akicheka, shukuru Mungu, kwa sababu utaishi na kicheko hicho hadi uzeeni.

Ila ukimkuta na karai kichwani, mtue kwanza. Ndipo useme.