Mama Hajaambiwa

S.L.P. 118,
Karatu.
14 Oktoba, 2009.

Mpendwa mdogo wangu Lembris,

Nakusalimu kutoka kwenye vumbi letu la Karatu. U hali gani huko Oslo? Baridi imeshaanza? Kile kifua chako kinaendeleaje, na lile koti zito ulilosema utalinunua umelipata? Mimi mwili hauna neno. Kaka yetu Sairowua naye ni mzima, ng'ombe waliobakizwa na ukame wanajikongoja. Mama anakula kidogo sana. Nitamfikia.

Utashangaa kupata karatasi, wakati unajua nashinda mapokezi ya kambi ya wageni nikijibu barua pepe. Nimefanya makusudi. Nikikuandikia Yahoo utasoma ukiwa ndani ya treni, unijibu maneno matatu. Barua hii ina hasira na nataka uishike mkononi.

Usije ukaniita mshamba. Mtandao wa Hi5 ndio ulionirudishia Evelyn, rafiki yangu wa sekondari niliyedhani ameshakufa. Na kwenye Yahoo tumepiga soga mimi na wewe mpaka Joel wa intaneti kafe akatuzimia kompyuta. Lakini Yahoo ni watu wawili wanaoongea mlangoni. Facebook ni mnadani, mdogo wangu, na wewe ulipanda juu ya meza ya mitumba ukapiga kelele.

Jumatatu ile baba alifariki hapa hospitali alasiri. Nilikupigia wewe wa kwanza, kwa sababu uko mbali na nilikuonea huruma. Sikukuambia unyamaze. Kosa hilo nalibeba, ingawa sikujua kama mtoto wa kijijini kwetu Kakesio anahitaji kufundishwa jambo hilo. Sairowua alikuwa ameshaondoka kumfuata mzee Sankale, wa rika la baba, ili kesho yake wakakae na mama, wanywe chai, waulizane habari za mvua na mifugo, ndipo jambo lisemwe kwa kinywa cha mtu mzima. Ndivyo mwanamke anavyoambiwa kwetu kwamba amefiwa na mume. Wewe unajua.

Jua halijazama ulikuwa umeshaweka picha yake. Na jina lake lote, la kwanza mpaka la ukoo! Tangu lini jina la marehemu linatajwa nyumbani kwetu? Nilihesabu watu arobaini na mmoja waliobonyeza kidole gumba kwamba wamependa. Wamependa nini, Lembris? Nimeyapitia majina yao. Watano tu ndio waliowahi kunywa maziwa bomani kwetu.

Asubuhi yake Obed, yule mliyesoma naye, ambaye sasa ni dereva wa watalii, alifungua Facebook pale kwa Joel, akasoma, kisha akaondoka na wageni kwenda Ndutu. Karibu na njia panda ya Endulen akamkuta mama amesimama anasubiri lifti. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba siku hiyo ameamua kuja mjini kumwona mgonjwa. Alikuwa na kibuyu cha maziwa, amekifukiza kwa ule mti ambao baba alipenda harufu yake. Obed hana ubaya, na moyo wake ni mwema. Alisimamisha gari akasema, "Mama, pole sana kwa msiba wa mzee," akamtaja kwa jina.

Mama akamuuliza, "Msiba gani?"

Alibaki pale barabarani na kibuyu chake. Mtalii mmoja akampiga picha.

Ngoja ninywe maji kwanza.

Nimerudi. Hukuweza kuja kuzika, na hilo hakuna anayekulaumu. Ninachokulaumu ni kwamba tangu siku ile umeandika mara nne huko ukutani kwako jinsi unavyomlilia baba, watu wanakupa pole kutoka nchi nisizozijua, na mama yako mzazi hajasikia sauti yako hata mara moja. Huoni haya?

Mzee Sankale alipofika Kakesio kuyasema ya kusemwa, mama alimkatalia. Alimwambia, "Habari hii imefunguliwa na Lembris. Aliyeifungua aje aimalize. Mimi sijaambiwa." Hii ni wiki ya nne. Hajavua shanga zake za ndoa, hajanyoa, hajalia. Kibuyu amekitundika na maziwa yakiwa ndani, hataki mtu akiguse. Wanawake wa boma wanashindwa hata kumshika mkono, kwa maana utampaje pole mtu anayesema hajafiwa? Ninaogopa, Lembris. Kilio kikikaa ndani ya mtu kinamla.

Jumamosi ya tarehe saba Novemba, Sairowua atampandisha mama kwenye kile kilima cha nyuma ya shule, ambako simu ya kaka hushika mtandao. Itakuwa saa nne asubuhi ya huku. Piga. Usianze na pole. Muulize mvua. Muulize yule mbuzi wako mweupe. Muulize ameamkaje. Ukimaliza, mwambie polepole kwamba mumewe hayupo tena, kama unavyomwambia mtu asiyejua. Jina usilitaje. Na ile picha uwe umeshaifuta.

Kakenya, mke wa Sairowua, anakusalimu sana. Mwanangu Nanyokie anauliza kama theluji inalika. Mungu akukinge na baridi hiyo, akurudishe nyumbani, ng'ombe wetu wakiwa bado hai.

Ni mimi dada yako, nimekukasirikia na ninakupenda,
Nosim

N.B. Mama ameniagiza nikuambie kwamba atakuja kilimani na kile kibuyu. Ukishamwambia, ndipo atakimwaga.