Filimbi Hailii

Dada yangu Wayua, huko Taveta,

Hapa Voi tuko wazima, ila mvua imetukimbia. Mbuzi wamezaa. Ile injini yangu ndogo ya mvuke, ninayoitengeneza kwenye karakana nyuma ya nyumba, imekamilika. Nikiwasha moto, maji yanachemka na magurudumu yanazunguka, utapenda mwenyewe. Filimbi tu ndiyo imenishinda. Nimeikereza upya, mvuke unatoka mweupe, lakini hailii. Nashuku yule muuzaji wa Mwatate aliniuzia shaba bandia.

Kuna jambo lingine, na usimwambie mtu. Mke wangu Kasiva ameanza kunong'ona. Wageni wakija wanachezesha midomo tu, kisha wananitazama. Nadhani wanapanga kuuza mashine zangu. Nikimuuliza, anajibu chini chini, halafu machozi yanamtoka. Mtu asiye na hatia analia nini? Hata treni siku hizi inapita kimya, na hakuna aliyetuambia wamebadilisha nini.

Jana nilifungua mvuke wote. Filimbi, kimya. Lakini mbuzi walikata kamba wakatoroka, na Kasiva akatoka jikoni mbio, ameziba masikio kwa mikono yote miwili. Sasa niambie wewe, dada: aliziba masikio kwa ajili ya nini, kama si kunichezea shere?

Njoo mwenyewe tuongee. Usipige simu, hiyo nayo wameshaiharibu.

Ni mimi nduguyo, niliye macho,
Munyoki