Nilipolipanga Jiko la Bibi

Jumapili, bwenini

Na mimi nilidhani namsaidia. Bibi anaishi peke yake pale Izia, macho yake yana ukungu, na kila nikienda likizo fupi naona vitu vimetapakaa jikoni. Jana nilivipanga vyote kabatini, vikapendeza.

Leo asubuhi alinyoosha mkono kuchukua unga wa ulezi, asiguse kitu. Akapapasa, akaangusha sufuria ya maji.

"Mke mwenzangu," akasema, "umenihamisha hata kabla ya baba yako mdogo?"

Alikuwa ananitania, lakini sikuweza kucheka. Baba mdogo anataka kumpeleka kwake Muze, kwenye lile joto, kwa sababu anaamini mama yake hawezi tena kujipikia. Kesho anakuja kujionea mwenyewe.

Tulirudisha kila kitu. Chumvi kushoto kwa mafiga, unga kwenye ndoo chini ya dirisha, mwiko ukutani. Kisha akaniambia nifumbe macho nimletee chumvi. Niliipata mara moja. Kumbe havikuwa vimetapakaa.

Mchana alisonga ugali mwenyewe. Nilikaa nimebana mikono mapajani ili nisimpokonye mwiko.

Nimefika bwenini jioni, naandika haya kitandani. Wenzangu wanacheka huko mwisho, na mimi sijui nianzeje kuwaeleza habari ya chumvi.

Kesho sitakuwepo. Baba mdogo ana moyo mzuri, na hilo ndilo linalonitia hofu. Ataingia, ataona vitu chini, halafu atataka kumsaidia.