Mzazi Aliyejibu "Sijambo"

Likoni, 14 Machi 1991

Mwanangu Bakari,

Watu wengi hukosea wakidhani asiyelalamika haumwi. Kosa hilo nawafundisha wanafunzi wangu wa uuguzi kwa maigizo. Juzi nililala kitandani, nikawa mzazi maskini aliyetoka kujifungua, anavuja damu. Nyevu, mmoja wa wanafunzi hao, akaniuliza hali. "Sijambo, alhamdulillahi." Akaniacha, akamkimbilia mwenzake aliyeigiza mke wa meneja anayelalamika kwa Kiingereza.

"Nyevu mwanangu," nikamwita, "mie n'shakufa zamani!"

Wenzake wakacheka, yeye akalia.

Jana mkeo Mwanatabu alijifungua hapa hospitalini kwetu. Nyevu akamuuliza hali, naye akajibu, "Sijambo." Safari hii Nyevu akafunua shuka, akaona damu, akamwita daktari mbio. Wamemwahi. Sasa anakunywa uji, mtoto ananyonya, nami nimeshusha pumzi.

Ukipata barua hii, omba ruhusa kazini, uje umwone.

Shangazi yako,
Mwanakheri