Sauti Yangu Kwenye Gari la Mgombea

Mpendwa Shangazi Hilda, naomba msaada, maana hapa Mpitimbi sina tena wa kumlilia. Mwandishi wa redio yenu, Remmy, alikuja kutuuliza habari za pampu yetu ya maji ya sola, nikamwambia imetuokoa, hatuteremki tena bondeni na ndoo, ila siku za mawingu inatusumbua, maji yanatoka kidogo, basi redioni likatoka hilo la mwisho tu, "inatusumbua, maji yanatoka kidogo," na mgombea wetu wa ubunge akalidaka, akaliweka kwenye gari lake la matangazo, linapita vijijini likipiga sauti yangu, halafu yeye anaitikia, "Mnamsikia mama mnyonge? Sola ni umeme wa kuwadharau maskini! Mimi nitawaletea nguzo za umeme wa gridi!" na watu wanapiga makofi. Nguzo hatujaiona, na shirika lililokuwa lituletee pampu ya pili linasema kama hatuitaki litaipeleka kwingine. Wanawake wenzangu wamenisusa. Jumamosi ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwangu, nikafagia, nikapika togwa, nikakaa mlangoni, wakapita na rozari zao hadi kwa jirani yangu Getruda, hata hodi hawakupiga. Mume wangu anasema ninyamaze, wakubwa hawajibiwi. Shangazi, ninyamaze?

Walburga, Mpitimbi

Dada Walburga, pole sana. Nimesoma barua yako nikakasirika, nikamfuata Remmy. Anasema habari ya sola inayofanya kazi haina msikilizaji, na mazungumzo yenu kamili ameshayafuta. Wala hakuona haya. Kwa hiyo usingoje redio ikusafishe.

Lakini na wewe! Gari linakusemea mbele ya kijiji kizima, wewe umejifungia ndani unalia? Huyo mumeo anayeogopa wakubwa, muulize maji ya kuoga anachotewa na nani.

Jumamosi nenda jumuiya, popote wanaposali, hata kama hujaitwa. Waambie uliyoyasema yote, pamoja na hayo ya mawingu, maana ni kweli. Omba msamaha kwa kukaa kimya, siyo kwa kusema. Kisha nendeni pamoja kwenye lile shirika kabla pampu haijapakiwa. Gari likirudi, lisimamisheni, mumuulize mgombea mwenyewe nguzo ziko wapi.

Wakubwa wangu hapa redioni walitaka niruke sehemu ya Remmy. Nimeisoma barua yako yote. Wiki ijayo msiponisikia, sababu mnaijua.